Tuzitambue barabara tulivu za baiskeli kabla ya kudai njia mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wakazi wenzangu wa Dodoma, na hasa wahandisi wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na wa Jiji, kuhusu njia za baiskeli. Kila suala hili linapojitokeza, ombi ni lile lile: tujengewe njia maalumu pembezoni mwa barabara kuu za Morogoro, Singida, Iringa na Arusha. Kwa katikati ya mji siipingi hoja hiyo. Ila ukishatoka nje ya mji, naona tunaomba kitu cha gharama kubwa wakati kilicho bora zaidi kipo tayari. Tuna barabara za vijijini ambazo asubuhi nzima unaweza kukutana na magari ya kuhesabika kwa vidole. Hizo zinahitaji kutambuliwa, kuunganishwa, kuwekewa alama na kulindwa, na hilo linawezekana kwa sehemu ndogo ya fedha za kumwaga lami mpya.

Nchi inayofaa kuangaliwa kwa jambo hili ni Ayalandi. Eneo lake ni kilomita za mraba 70,000 hivi, halifiki mara mbili ya Mkoa wetu wa Dodoma wenye kilomita za mraba 41,000 na ushei. Hata hivyo ina karibu kilomita 100,000 za barabara za umma. Wamezigawa kwa herufi: M ni barabara za mwendo kasi ambazo baiskeli hairuhusiwi kabisa, N ni barabara kuu za taifa, R ni za kuunganisha maeneo, na L ni za vijijini na mitaani. Zaidi ya robo tatu ya mtandao wote ni L. Nyingi kati ya hizo zina upana wa gari moja tu, katikati pameota majani, na kila upande kuna ua wa miti ya miiba au ukuta wa mawe. Wapanda baiskeli wa kule huzikwepa N na kuzisaka L, na wanaendesha kushoto kama sisi.

Hata namba zenyewe humsaidia msafiri. L yenye tarakimu nne kwa kawaida inatoka kijiji kimoja na kufika kingine. Yenye tarakimu tano ndiyo ndogo kuliko zote, na mara nyingi inaishia kwenye geti la mkulima, kwa hiyo anayepanga safari ya kuzunguka haiweki kwenye ramani yake mpaka ahakikishe ina upande wa pili wa kutokea.

Ukitaka kuona jinsi kazi hiyo inavyofanyika kwa gharama nafuu, tazama Kingfisher Trail, njia inayopita Fermanagh, Leitrim na maeneo jirani, pande zote mbili za mpaka wa Ayalandi na Ayalandi ya Kaskazini. Ina urefu wa kilomita 480 hivi na imechorwa kwa umbo la namba nane, hivyo msafiri anaweza kufanya mzunguko mmoja akarudi, au akaunganisha yote miwili. Sehemu kubwa yake ni barabara ndogo zilizokuwepo. Walichoongeza ni vibao na ramani.

Zipo pia njia za baiskeli peke yake zilizojengwa juu ya tuta la reli iliyokufa. Great Western Greenway, kutoka Westport hadi Achill, inafuata reli iliyofungwa mwaka 1937, na sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa 2010. Waterford Greenway ya kilomita 46 ilifunguliwa 2017. Ni njia nzuri, lakini zilihitaji ridhaa ya wenye mashamba, madaraja kukarabatiwa na fedha nyingi. Kwetu mfano huo haufai, kwa sababu Reli ya Kati bado inafanya kazi. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu wapo vijana wanaoendesha baiskeli kandokando ya mataruma kwa kuwa pametulia. Treni ya umeme ya reli mpya ya SGR haina muungurumo wa injini ya dizeli wa kukushtua mapema, na upepo wetu wa Juni hadi Septemba unaufuta hata ule mlio mdogo uliopo. Njia ya reli si mahali pa baiskeli.

Jambo jingine la Ayalandi linatuhusu moja kwa moja. Barabara ya mwendo kasi M8 ya kwenda Cork ilipokamilika mwaka 2010, barabara kuu ya zamani, iliyokuwa N8, ilishushwa daraja ikawa R639. Malori yakahamia M8. Nyuma yakabaki lami pana, mabega mapana na magari machache, na wapanda baiskeli wakapata njia ndefu iliyonyooka bila mtu kumwaga hata toroli la zege. Hapa kwetu barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, imekusudiwa kuyatoa malori ya masafa marefu katikati ya mji. Kadiri yanavyohamia huko, vipande vya barabara za zamani vitapungukiwa na msongamano. Kama hakuna aliyevipangia matumizi, vitajaa maegesho ya malori, vibanda na gereji za pembeni, na nafasi hiyo haitarudi.

Mzunguko huo huo una hatari yake, na hapa ndipo ninapoomba wahandisi wanisikilize kwa makini. Barabara ya njia nne inakata barabara ndogo zote zinazotoka mjini kwenda vijijini. Kule Ayalandi barabara ya M hairuhusiwi kuvukwa juu kwa juu, hivyo barabara ndogo hupitishwa juu kwa daraja au chini kwa kivuko. Hapa, mwanafunzi mwenye baiskeli au mama mwenye madumu mawili ya maji kwenye keria akifika kwenye njia nne za magari, atavuka kwa kubahatisha. Penye tuta la kutosha, kalavati la boksi lenye kimo cha mita 2.5 na upana wa mita 3 linampitisha mtu juu ya baiskeli, linapitisha ng'ombe, na masika linapitisha maji. Lakini sakafu yake iwe na sehemu mbili: mfereji wa chini upande mmoja na njia iliyoinuliwa sentimita 30 upande wa pili. Bila hivyo mchanga unaoletwa na maji hujaa humo msimu wa kwanza tu, na watu wanarudi kuvukia juu.

Sasa nije kwa anayetaka kutoka kesho asubuhi. Barabara tulivu huitambui kwa kuitazama kwenye ramani ya simu, kwa sababu ramani haikuambii nani anapita. Simama mahali pamoja kwa saa nzima, kuanzia saa 12:30 hadi saa 1:30 asubuhi, hesabu kila chombo chenye magurudumu manne au zaidi, halafu urudie jioni ya siku nyingine. Chini ya magari 20 kwa saa, barabara hiyo inafaa hata kwa mtoto wa shule aliyezoea baiskeli. Kati ya 20 na 60 inafaa kwa mtu mzima aliye makini. Ikizidi hapo, tafuta nyingine. Hiki ni kipimo cha watu wa baiskeli, si cha kisheria, lakini kinafanya kazi. Bodaboda zihesabu peke yake. Hazina uzito wa lori, ila hupenda ukingo ule ule uliolainika ambao na wewe unautaka.

Siku ya kuhesabu nayo ni muhimu kama saa. Barabara ya Msalato ya Jumanne si ile ya Jumamosi, siku ya mnada, ambapo malori ya mifugo, noa na pikipiki zenye mbuzi nyuma zinapishana tangu alfajiri. Vijiji vingine vina minada yao na vijana wa pale wanazijua tarehe kwa kichwa; waulize. Ayalandi wana jambo kama hilo katika mzunguko wa Kerry: mabasi ya watalii yanayotoka Killarney huzunguka upande mmoja, kinyume cha mishale ya saa, na wapanda baiskeli wenye uzoefu hupanga saa na upande wa kwenda kwa kuyazingatia, au huchepuka kuifuata Skellig Ring ambayo ni nyembamba mno kwa mabasi makubwa.

Kuna kundi moja la magari linaloharibu hesabu zote za Dodoma: tipa za mchanga na kokoto. Mji unajengwa, mchanga unachimbwa kwenye makorongo, na makorongo hayako kwenye barabara kuu. Barabara ya mlisho iliyokuwa na magari manane kwa saa inaweza kupata tipa 30 wiki moja baada ya machimbo mapya kufunguliwa. Hazipungui mwendo kwa sababu dereva analipwa kwa tripu, na kila inayopita inaacha ukungu wa vumbi ambamo gari la nyuma halikuoni. Ukiona mchanga mbichi umedondoka kwenye makutano, na alama za matairi ya nyuma yaliyo mawilimawili, geuza baiskeli. Ningependa kuona kila kibali cha kuchimba mchanga kikitaja barabara moja ya kutokea na saa za kusomba, ili saa 12 hadi saa 2 asubuhi, wakati wa watoto kwenda shule, barabara za mlisho ziwe huru.

Kuhusu mwelekeo wa safari: miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma unatoka mashariki na kusini mashariki, na unazidi kadiri jua linavyopanda. Kwa hiyo anza safari kwa kuukabili, mathalani kwenda Ihumwa na kuchepuka kuelekea Hombolo, ukiwa na nguvu na upepo bado umelala. Wakati wa kurudi utakusukuma mgongoni. Wanaofanya kinyume hukwama saa 5 za asubuhi, jua kali, maji yameisha na upepo usoni. Oktoba na Novemba beba maji lita moja kwa kila saa utakayokuwa njiani, na usitegemee visima. Vingi hufungwa mchana.

Baiskeli yenyewe. Tairi nyembamba za milimita 25 ni za lami pekee. Kwa changarawe, tairi ya inchi 26 kwa 2.1 yenye upepo wa PSI 35 hadi 40 inatosha kwa mtu wa kilo 70. Ukiijaza mpaka iwe ngumu kama jiwe, vijimawimbi vya barabara vinakupiga mikono, spoku zinalegea na nati za keria zinafunguka moja moja. Ukiiacha laini mno, ringi inagonga jiwe na tyubu inapata matundu mawili sambamba. Baiskeli kubwa za mizigo za inchi 28 zinavumilia sana, tatizo lao ni breki za vyuma ambazo vipira vyake vikijaa vumbi hukwaruza ringi badala ya kushika. Vifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kila mteremko mrefu.

Adui mkubwa wa tairi ni mbigiri. Mmea wake hutambaa pembezoni mwa njia za mifugo baada ya mvua, na kuanzia Mei mbegu zake zinakauka na kuwa na pembe ngumu ambazo, vyovyote zilivyolala, moja inatazama juu. Hazipo katikati ya barabara ambapo magari yamezisaga; zipo ukingoni, mahali hasa unapojitosa ukipisha lori. Ukilazimika kutoka barabarani, shuka na uibebe baiskeli begani, usiikokote kwenye majani. Mafundi wengi wa hapa hukata tyubu kuukuu kwa urefu na kuilaza ndani ya tairi chini ya tyubu nzima. Inaongeza uzito, lakini inazuia mbigiri nyingi. Mwiba wa mgunga ni mrefu na utapita hata hapo. (Waayalandi nao wana miiba yao. Sheria yao inazuia kukata uoto wa ua kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti ili ndege watagie, hivyo mashine zinaingia kazini kuanzia Septemba, na ndiyo maana pancha zao nyingi ni za majira ya vuli na baridi.)

Kuziba pancha porini kunawashinda wengi kwa sababu moja, nayo ni vumbi. Tafuta kwanza sehemu isiyo na upepo, nyuma ya mbuyu au chini ya ukingo wa korongo. Jaza tyubu upepo, ipitishe karibu na mdomo au shavu lako mpaka uhisi hewa, weka alama. Kwangua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka mng'ao wa mpira uishe. Paka solusheni nyembamba, kisha subiri dakika tano bila kugusa na bila kupuliza kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina unyevu. Kiraka kinabandikwa solusheni ikiwa haing'ai tena; ukikiweka ikiwa mbichi, kitateleza na kuachia ukingoni baada ya kilomita chache. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Si kidole, kitambaa. Ncha ya mwiba iliyobaki itanasa nyuzi za kitambaa na utaiona. Asiyefanya hivyo huziba tundu lile lile mara mbili.

Makorongo yenye mchanga yavuke kwa gia nyepesi uliyoiweka kabla ya kuingia. Sogeza uzito nyuma, fuata alama ya gurudumu la mkokoteni, usiguse breki ya mbele. Likiwa na maji ya kahawia, usivuke, hata kama mbingu ni nyeupe juu yako. Mvua imenyesha milimani. Maji ya korongo hupungua kwa saa chache tu. Na mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa mbuga, usiende huko siku hiyo: udongo unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Nimalizie na yale ninayoyaomba kwa mamlaka. TARURA ina zaidi ya kilomita 140,000 za barabara nchini na haiwezi kuweka lami kote, hilo tunalijua. Lakini greda linapopita, lisiache tuta la udongo laini ukingoni. Tuta hilo ndilo linalomwangusha mpanda baiskeli anayepisha gari, na kulisawazisha ni suala la kulipitisha greda mara moja zaidi ukingoni. Barabara ya mkoa inapopata lami, kama inavyotarajiwa kwa Ntyuka–Mvumi–Kikombo, mwendo wa magari utapanda siku hiyo hiyo, na wenye baiskeli wataitwa wazembe kwa kuwa pale walipokuwa siku zote. Mabega ya lami ya angalau mita 1.5 yawe ndani ya mchoro tangu mwanzo, na palipo na barabara ya zamani ya vumbi sambamba, isifukiwe.

Mwendo nao uzungumzwe. Tarehe 7 Februari 2025 Ayalandi ilishusha kikomo cha kawaida cha barabara za L vijijini kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60. Kwetu, kibao cha 50 kinaishia mwisho wa kijiji, na baada ya hapo dereva wa gari dogo anaamua mwenyewe. Barabara zitakazochaguliwa kuwa njia za baiskeli ziwekewe 50 toka mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu vibao, nguzo za chuma zisitumike. Zitaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nguzo fupi ya zege yenye kimo cha sentimita 80, iliyozamishwa sentimita 40 ardhini, inatosha. Ipakwe nyeupe, na iwe na namba ya njia, mshale na kilomita zilizobaki hadi kijiji kinachofuata. Mbili kwa kila makutano: moja mita 50 kabla, nyingine mita 100 baada ya kona ili msafiri ajue hajapotea. Rangi irudiwe kila Mei mvua zikishaisha.

Njia ya majaribio iwe moja. Napendekeza upande wa Ihumwa na Hombolo, ambako kuna bwawa, kuna Chuo cha Serikali za Mitaa chenye wanafunzi wengi wanaohitaji usafiri wa bei nafuu, na vijiji ambavyo baiskeli ni chombo cha kila siku cha maji, mkaa na mazao. Magari yahesabiwe kiangazi hiki, siku ya kawaida na siku ya mnada, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za kata ili wananchi wayasahihishe kabla halmashauri haijaanza kuandaa bajeti ya mwaka ujao wa fedha.

Mwendesha baiskeli,
Kikuyu, Dodoma